Felistus Ndanu Mutuku, Fundi wa Sweta wa Kijiji cha Raila (1981–2025)

Marehemu Ndanu alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Masii, Machakos, mtoto wa tatu wa Mzee Mbuvi na Mama Ndululu. Alisoma shule ya msingi kijijini hadi darasa la nane, kisha akajifunza kushona.

Mwaka wa 2002 alipata kazi kwa Bwana Kagiri, mwenye kiwanda kidogo cha sweta za shule pale Gatina, Kawangware. Mashine ya kufuma sweta huendeshwa mtu akiwa amesimama, na Ndanu alisimama kutwa bila kulalamika.

Alifunga ndoa na Mutuku tarehe 9 Desemba 2006, wakahamia Raila, Kibera. Mimba ya kwanza iliharibika mwaka wa 2008, ikiwa ya miezi mitano. Daktari hakulaumu kazi. Lakini alipopata mimba tena mwaka wa 2010, Ndanu alimwendea Bwana Kagiri.

"Nitoe kwenye mashine, nipe sindano," alimwambia. "Kola na mikono nitaunganishia nyumbani."

"Mama, hapa hakuna kazi ya kitandani."

"Nipe sweta thelathini tu. Nikiharibu, unifukuze."

Mutuku alizibeba begani kutoka Gatina hadi Raila. Zilishonwa vizuri, ila Ndanu alizitundika karibu na mlango, na jirani yake Mama Awiti alikuwa akikaanga omena, wale dagaa wa ziwani, pale nje. Ziliporudi Gatina, Bwana Kagiri alinusa moja akaiweka chini.

"Watoto watafuatwa na paka hadi darasani!"

"Basi hawatachelewa shule," Ndanu akajibu.

Bwana Kagiri alicheka mpaka akashika meza. Ndanu alizifua zote upya, na Mama Awiti akahamisha jiko lake bila kuombwa mara mbili. Kazi ikaendelea. Mumbua alizaliwa salama tarehe 9 Januari 2011.

Tangu hapo, mama yeyote mjamzito aliyefanya kazi pale kiwandani alitumwa kwa Ndanu kufundishwa kushonea nyumbani. Wengine walimwita mwalimu, naye akiwakemea: "Mwalimu wapi? Shikeni sindano."

Figo zilianza kumsumbua mwaka wa 2023. Alitibiwa kwa muda mrefu, naye alivumilia. Jumapili ya mwisho, akiwa hospitalini, alimuuliza mumewe kuhusu mmoja wa wajawazito aliowafundisha, "Hope amepelekewa sweta zake za kushona?"

"Pumzika kwanza, Mama Mumbua."

"Mimi nimelala. Yeye ndiye asiyefaa kusimama."

Mutuku alizipeleka kesho yake hadi Kisumu Ndogo, papo hapo Kibera, anakoishi Hope. Ndanu alituaga Jumatano, tarehe 6 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka 44.

Ameacha mumewe Mutuku, binti yao Mumbua, mama yake mzazi, ndugu zake wanne, Mama Awiti aliyekuwa kama dada, na wanawake saba wanaoshonea nyumbani hadi leo. Hope alijifungua salama Ijumaa. Ni msichana, na ameitwa Ndanu.

Mungu ampe mama yetu pumziko lake.