Kikombe Kilichozidi

Kina mama, amani iwe kwenu. Nimeombwa nisimame niseme. Mnanijua, mimi ni wa hapa hapa Wamagana, wa zile kabichi za karibu na mto. Majina sitataja. Mmoja wa hawa nitakaowasema amelala udongoni, na mwingine ameketi nasi hapa.

Nilikuwa na dada mkubwa. Uhuru ulikuwa bado mpya. Kwetu, mambo ya mwili mama hamwambii binti yake, hiyo ni kazi ya cucu, nyanya yake. Msichana akianza kuona damu alienda kulala kwa cucu, akafundishwa yote. Lakini cucu wetu hakuwa amebatizwa, na mama alikuwa mtu wa kanisa sana. Akatukataza nyumba ile. "Huko mtafundishwa ushenzi," akasema. Haya, cucu akanyamazishwa. Na mama naye akaona haya kusema. Dada alipoona damu, mama hakuacha hata kumenya viazi. Alisema tu, "Sasa umekuwa mkubwa. Jichunge."

Ajichunge na nini? Ndugu zangu, nawaambia, hakuna aliyesema. Shuleni tulifundishwa mbegu ya maharagwe, ikaishia hapo.

Dada akashika mimba. Wasichana wenzake, ambao hawakujua kitu kama yeye, wakampa dawa ya kunywa ili mimba itoke. Jumapili moja tulitoka kanisani tukamkuta kwenye sakafu ya jikoni, amejifunga shuka ya mama kiunoni, hapumui. Alikuwa ameosha sakafu kwanza, maskini, ili mama asigombe. Mpaka leo nikinusa sabuni ya mche, natoka nje.

Baba aliambia watu ni malaria. Lakini jioni mama akimimina chai, kikombe kimoja kilizidi, kile cha bati cha dada. Kilikaa mezani kikapoa, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Asubuhi mama anamwaga, jioni anamimina tena. Ilikuwa hivyo miaka yote.

Mimi nikaingiwa na woga. Niliacha shule kwa sababu ya kuogopa kukaa dawati moja na mvulana, ati nisishike mimba. Mnacheka? Chekeni, lakini mimi nilikuwa nalia. Ukweli niliujua nikiwa nimeolewa, mtoto wa tatu mgongoni, kwa sista mmoja wa kliniki kule Nyeri. Alinieleza polepole vile mwili unafanya kazi na vile uzazi unapangwa. Nilitoka nikilia barabarani. Kumbe ni maneno ya kusema mtu akingoja chai ichemke!

Sasa sikieni. Juzi juzi binti yangu wa pili akaja jikoni, akaniambia ameona damu. Na mimi, niliyekuwa najua yote, nikaendelea kumenya viazi. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Umekuwa mkubwa. Jichunge."

Hiyo ilikuwa sauti ya mama. Nikaacha viazi, nikamshika mtoto mkono, tukapanda mlima mpaka kwa mama yangu.

"Maitu," nikamwambia, "huyu ana jina lako, na wewe ndiye cucu wake. Mimi nimeshindwa. Tukinyamaza tena tutamzika."

Nilidhani atatufukuza. Lakini akavuta kigoda. "Kaa karibu," akamwambia mtoto. "Ninachojua nitakuambia. Nisichojua, twende tukaulize." Akaanza na dada. Akamtaja jina, mara ya kwanza tangu tumzike. Wiki iliyofuata tulienda wote watatu kwa yule sista, na mwenye maswali mengi hakuwa mtoto.

Nashukuru sista yule. Nashukuru cucu wangu ambaye hakuruhusiwa kutusaidia. Na wewe mama, unayesuka kiondo hapo nyuma umeinamisha kichwa, nakushukuru. Kina mama, mtoto wa mama anayeona haya anafundishwa na wasiojua. Mwambieni leo, hata kama sauti inatetemeka kama yangu.

Siku ile tulipopanda mlima, maneno yalipokwisha, mama alimimina chai. Akachukua kile kikombe cha bati, akampa mjukuu wake. Mtoto akanitazama.

"Kunywa," nikamwambia. "Ni chako."