Bi Shimo na Pipa la Maji ya Majivu

Mimi na bahati tumenyonya ziwa moja. Katika ofisi nzima, kura ya kuandika ukurasa huu wa kuagana imeniangukia mimi, dereva niliyeishia darasa la saba, nikawabwaga wenye digrii mbili mbili. Basi someni kwa heshima.

Mstaafu wetu anaondoka rasmi tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupima vifaa vya ujenzi na madhara yake kwa mazingira. Vyeti vyake vimejaa ukutani, lakini sisi tunamwita Bi Shimo. Mletee tofali, kigae au ubao wa mianzi, umwambie ni kifaa mbadala, hakidhuru hata sisimizi. Anavaa viatu vyake vya mpira na kusema, "Nipelekeni kwenye shimo." Yaani pale kilipochimbwa au kukatwa. Akitoka hapo analifuata lori mpaka kiwandani, mpaka kwenye jengo, kisha anauliza jengo likibomolewa kifusi kitatupwa wapi. Nimepasua matairi kwa ajili ya mama huyu kwenye machimbo ambayo hata mbuzi anayaogopa.

Kuna mwaka ofisi ilipagawa na matofali ya udongo yasiyochomwa. Hayali kuni, miti imepona! Mkurugenzi wa wakati huo alipiga makofi mpaka saa ikamruka mkononi. Tulisahau jambo moja tu: yalikuwa yakisafirishwa siku mbili barabarani. Mwisho wa mkutano Bi Shimo akauliza, "Na hayo malori, jamani, yanakula nyasi?" Leo matofali hayo yanashindiliwa kwa udongo wa pale pale panapojengwa, na shule zimesimama imara. Hiyo ni kazi yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo damu inaponichemka.

Mwaka jana lililetwa tofali la majivu ya kiwandani. Mwenye kiwanda analiita tofali la kijani, ingawa ni jeusi kama kisigino changu. Linatakiwa kujengea msingi wa wodi ya wazazi kwenye zahanati, jirani kabisa na kisima wanachonywea kina mama na vichanga vyao. Bi Shimo alikwenda kwenye lundo la majivu, akarudi kanuna. Akayaloweka matofali kwenye pipa la bluu uani, yakae mwaka, apime maji yanatoka na nini. Vipimo vya mwanzo vilionyesha madini ya risasi, ambayo ni sumu. Akakataa kutia sahihi kibali cha tofali hilo. Wakubwa wakambembeleza, "Mama, pumzika, si unastaafu?" Akawajibu, "Mimi nastaafu. Kisima hakistaafu."

Kipimo cha mwisho kilikuwa kifanyike wiki hii. Jumatatu kamati ya sherehe ikataka nafasi ya hema. Wakamwaga maji yote. Wakatupa matofali jalalani, wakalisugua pipa kwa sabuni, wakalijaza barafu na soda. Soda za kumuaga yeye! Ukiuliza nani alitoa amri, kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole. Jamani, hivi kweli! Unamwaga kazi ya mtu ili apate kivuli cha kukatia keki? Na mrithi wake anaingia Julai mosi, kalamu imeshafunguliwa kifuniko, anasubiri kuonyeshwa mahali pa kusaini. Aibu gani hii!

Bi Shimo alivua viatu vya ofisi, akavaa vya mpira, tukaingia jalalani wote wawili, mimi na shati langu jipya la sherehe. Tuliokota yale ambayo hayakupasuka. Sasa yameanza upya kulowekwa bafuni kwake, ndani ya beseni la mjukuu, na mkwewe analalamika, "Mama, mtoto nimwogeshee kwenye sufuria?" Kisha nikampeleka zahanati, akawaeleza wakunga kila kitu. Mkunga mkuu, mwanamke mnene asiyejua kunong'ona, alisema hapa hapachimbwi msingi mpaka maji ya Bi Shimo yajibu, na anayebisha aje anywe kwanza kikombe kimoja mbele yake. Mpaka naandika haya, hajatokea mtu.

Bi Shimo, dada yetu, ahsante kwa kutufundisha kuuliza kitu kimetoka wapi kabla ya kukishangilia. Tunakuombea magoti yenye nguvu, usingizi mnono na wajukuu wengi wa kukusumbua. Ukihitaji gari, piga simu tu, nitakuja hata na pajama.

Na ile kura niliyojisifia, ni uongo. Hapakuwa na kura. Wasomi wote walioombwa kuandika ukurasa huu waliwaogopa wakubwa, karatasi ikabaki mezani, nikaichukua.