Mikwaju Miwili ya Pelagia Bundala

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Ng'ambo, na ninyi wa Kigwa mliokuja na treni ya asubuhi, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, haya anayowasomea mwanangu Kasimiri, mdogo wake marehemu, ni maneno yangu mimi mama yao, sikwenda shule, yeye ameyaandika kama nilivyoyasema, na tarehe tumezitazama kwenye vyeti.

Pelagia Bundala alizaliwa tarehe 3 Machi 1943 hapa Ng'ambo, Tabora, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, na baba yake, mzee Bundala Luhende, alitoka kazini mbio ananuka oili, mkunga akamzuia mlangoni, nawa kwanza, huyu si gari. Kazi ya mzee ilikuwa kutunza uwanja wa gofu wa wazungu, na kwa kuwa jua la kwetu haliachi majani, kila shimo lilizungushiwa duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu, na mchezaji kabla ya kuusukuma mpira wake shimoni aliruhusiwa kupangusa njia, kufuta nyayo, mpira upite sawasawa, na hilo naomba mlishike, nitalirudia.

Alisoma shule ya misheni ya wasichana kuanzia Januari 1951 hadi Desemba 1954, akaishia darasa la nne, maana baba yake alivunjika mguu, ikabidi mimi na yeye tuburuze ubao wa kusawazisha mchanga, yeye mbele mimi nyuma, nami nikimwambia kila siku, ukipita pangusa, usimwachie mwenzio shimo la kisigino chako. Akawatazama wazungu wanavyopiga, akirudi nyumbani anaiga kwa fimbo ya mpera, mpaka Velji, jirani yetu mwenye duka la misumari, akampa fimbo ya gofu ya chuma iliyosahauliwa dukani, akasema, chukua binti, hapa inatega wateja tu, na mkewe Dolatbai akamshonea sketi pana ya kaki, akanigeukia, mama Pelagia usinune, magoti yamefunikwa.

Uhuru ulikuja Desemba 1961, na mwaka 1963 klabu ya gofu ikampokea yule yule mburuza mchanga kuwa mwanachama, na tarehe 8 Agosti 1964 akafunga ndoa na Wenceslaus, mfanyakazi wa reli kituo cha Kigwa, ambaye wenzake walimcheka, mkeo anapiga mipira wewe unapika, naye akawajibu, ndiyo, na ugali wangu bado haujaungua. Mungu aliwajalia watoto watatu, Veronika mwaka 1965, Luhende mwaka 1967, na Dolati mwaka 1970, aliyepewa jina la yule mshona sketi.

Alishika kombe la wanawake hapa Tabora mwaka 1966, la Dodoma mwaka 1967, na Oktoba 1968 mkoa ukamtuma Dar es Salaam, ambako mashimo yamezungukwa na majani mafupi kama zulia, na huko sheria ni nyingine, njia ya mpira haiguswi, anayeigusa huongezewa mikwaju miwili, yaani mapigo mawili, na katika gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Siku ya mwisho alikuwa anaongoza kwa mkwaju mmoja, akafika shimo la mwisho, na mguu wake, uliozoea mchanga wetu tangu utoto, ukapangusa njia kabla kichwa hakijaukataza. Mama mmoja wa huko, Nargis, aliyekuwa akimwandikia hesabu ya mikwaju, akamwambia, dada, mimi sikuona kitu, tia sahihi twende tukanywe chai, na Pelagia akasema, wewe hukuona, lakini mimi ndiye niliyepangusa, niongezee mikwaju yangu miwili. Kwa hiyo kombe alilikosa kwa mkwaju mmoja.

Treni ya kurudi inapita Kigwa kwanza, na mumewe akamwita dirishani, shuka hapa mke wangu, Tabora wamejaza ngoma stesheni, akajibu, wamenisindikiza wao, lazima wanione wao, akaja mpaka mwisho wa safari, akashuka mikono mitupu, ngoma zikanyamaza, na mtu mmoja akasema, mtoto wa mchangani mmempeleka majanini mlitegemea nini, watu wakacheka. Nami, aliponieleza nyumbani, nikamwambia, nani alikuona, si ungefunga mdomo, umenitia aibu. Mvua za mwaka ule zilianza zikaisha sijakanyaga kwake Kigwa, na mjukuu wangu Luhende aliota magego sipo.

Aprili 1969 alikuja mwenyewe, amebeba nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akaketi chini karibu na miguu yangu, akasema, mama, ukiniambia nidanganye nakuuliza umejifunzia wapi, maana mimi ulinifundisha kupangusa, hukunifundisha kuficha, nami nikaenda kubandika maji ya ugali.

Mwezi huo huo klabu ilimwajiri kufundisha gofu, mwanamke wa kwanza pale kulipwa kwa mchezo huo, na Julai 1971 alishinda Morogoro kwenye majani, akitembea kuelekea shimo mikono nyuma, akiinua miguu juu kama kuku kwenye matope, mkasema Pelagia anaringa, kumbe alikuwa anauchunga mguu wake. Mwaka 1974, Serikali ilipohimiza kilimo cha kufa na kupona, nusu ya uwanja ililimwa karanga, naye alilima mistari yake asubuhi na kufundisha mchana, wasichana kumi na mmoja, wengine wakitoka Puge, na mpira ukipotelea shambani aliwaambia, tafuteni, lakini atakayekanyaga karanga za Taifa atazipalilia.

Novemba 1981 alianza kuumwa tumbo, ikaonekana ni uvimbe, akatibiwa hapa na Dar es Salaam, akafariki dunia Jumapili tarehe 14 Agosti 1983, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, ameacha mume na watoto watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa klabu walioleta ubao wake wa mchanga pale mlangoni, wafanyakazi wa reli, ukoo wa Velji, na majirani mliochanga sukari ya msiba katika mwaka huu wa foleni za madukani.

Pelagia alinikataza kueleza habari ya ile mikwaju miwili, mama, ukieleza watu watadhani tunadai kombe, nami nilimtii karibu miaka kumi na mitano, nikawaacha mseme alishindwa na majani. Leo nimeeleza, na kombe hatudai. Ninachokuomba wewe mwanangu Pelagia ni kimoja, lile neno la aibu nililokutamkia ndilo shimo la kisigino changu nililokuachia njiani, na nimelipangusa mbele ya watu wote hawa, basi pita, mama, njia iko sawa, upumzike kwa amani.