Isaka Bigirimana na Ponti ya Lori la Kizuka

Isaka Bigirimana, tunayemlaza leo hapa Rumonge, alizaliwa Gitaza tarehe 12 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mama aliyeanika ndagala, dagaa wa ziwani, kando ya barabara. Mjane wake, Sabine, ndiye aliyeamua kwamba wasifu huu usomwe wote. Tangu juzi amesikia sifa za marehemu hadi zimemchefua.

Alisoma Gitaza mpaka darasa la sita, mwaka 1974, kisha akajifunza ufundi Bujumbura. Mwaka 1984 alifungua gereji hapa mjini. Malori ya dizeli yaliletwa kwake hata kutoka Kabonga kwa ajili ya ponti, yaani gia za ekseli ya nyuma. Mafundi wengine walifunga yoyote iliyopatikana. Yeye alihesabu meno kwa chaki, kisha akauliza, "Unapakia wapi?" Wa barabara ya ziwani, palipo tambarare, alimfungia ya mbio. Wa milimani alimfungia ya nguvu, hata kama mwenyewe alinuna. Mteja mmoja aliyengojeshwa wiki tatu alirudi na jogoo wa shukrani. Isaka hakumchinja, alimfuga mpaka akafa kwa uzee.

Alifunga ndoa na Sabine tarehe 8 Agosti 1987. Sabine alikuja na mdogo wake, kitindamimba wa kwao, Olivier, wa miaka sita. Isaka alimlea, akamfundisha udereva. Hilo alilifanya vizuri, na Sabine halikatai.

Oktoba 2015 lori la mawese alilokuwa akiliendesha Olivier lilivunjika ponti. Isaka alipata moja tu, ya mbio. Tajiri mwenye lori alikuwa na haraka, basi Isaka akaifunga, huku akijua fika kwamba lori lile hupanda milima ya Kizuka. Baada ya wiki moja Olivier alirudi gereji.

"Shemeji, gari haina nguvu. Mu mlima iko inataka kuzimika."

"Ni mikono yako," Isaka akamjibu. "Ponti nilifunga mimi."

Tarehe 17 Novemba, likiwa limejaa madumu, lori lilizimika mlimani, breki zikashindwa, likarudi nyuma hadi korongoni. Olivier alifia pale pale. Watu wakasema alikuwa amelewa. Isaka aliitwa kulikagua, akasema gari lilikuwa zima. Alikaa matangani, akapokea pole, akanyamaza miaka minane.

Saratani ya ini iligunduliwa Juni 2023. Januari iliyofuata alimweleza Sabine yote, akilia. Sabine alitoka nje. Kisha akarudi kumwogesha, na hivyo alifanya kila siku mpaka Isaka alipofariki, tarehe 4 Februari 2024, saa nne asubuhi. Hakumsamehe, na hataki iandikwe kwamba alimsamehe. Mchungaji alipoomba sehemu hii ifutwe, kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya, Sabine alimjibu, "Na Olivier si marehemu? Miaka nane mulimusema."

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba. Ameacha pia Divine, binti wa Olivier, wa miaka kumi na sita, ambaye shuleni huitwa mutoto wa mulevi. Sabine anaomba Divine asimame sasa, nyote mumwone. Baba yake hakuonja pombe siku ile. Aibu aliyozikwa nayo haikuwa yake. Leo inazikwa pamoja na mwenyewe.

Isaka apumzike kwa amani, akiipata.