Wasifu wa Dada Mkubwa, Mwandishi Aliyebeba Kosa la Neno Moja

Dada Mkubwa, kama alivyoitwa na ndugu zake na baadaye na chumba kizima cha habari, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi saa na mkunga. Wadogo zake walipogombana, yeye ndiye aliyetumwa kwa baba kueleza. Baba hakuinua macho kwenye saa aliyokuwa akiifungua. Aliuliza tu, "Na yule mwingine anasemaje?" Kama hakuwa na jibu, alirudishwa akaulize. Hapo ndipo alipoanza kazi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akamaliza sekondari mwaka 1976 na kupata stashahada ya uandishi wa habari mwaka 1979. Walimu walimsifu kwa hati nzuri na kumlaumu kwa ubishi. Hati iliharibika baadaye kwa haraka za kazi. Ubishi ulidumu.

Aliajiriwa gazetini Januari 1980, na mwaka 1984 akapelekwa nje kuwa mwandishi wa gazeti katika nchi jirani. Alikaa huko miaka mitano, katika chumba kimoja chenye meza, taipureta na ramani iliyobandikwa ukutani kwa plasta ya kidonda. Habari zake alizisoma kwa simu, na huku nyumbani mpokea habari akaziandika neno kwa neno.

Tarehe 2 Novemba 1989 mto ulifurika katika nchi ile, ukasomba kambi ya mafundi kumi na saba wa kwetu waliokuwa wakijenga daraja. Aliwafuata kwa miguu, akawakuta wazima, wamelala juu ya madawati ya shule. Saa kumi jioni alipiga simu kutoka posta na kusoma: "Mafundi wote kumi na saba wamefikia shuleni." Nyuma yake foleni ilikuwa ikinung'unika. Akakata simu bila kusubiri asomewe yaliyoandikwa. Kesho yake gazeti likatoka: "Mafundi wote kumi na saba wamefia shuleni."

Nyumba kumi na saba ziliangua kilio.

Mhariri mkuu alimpigia akiwa na dawa tayari. "Tutasema simu ilikuwa na mikwaruzo, yaishe."

"Mzee, simu haina jina gazetini. Lililo juu ya habari ni langu."

"Au ni yule mpokeaji? Nimfukuze?"

"Mimi ndiye niliyekata kabla hajanisomea. Andika hivyo."

Likaandikwa hivyo, ukurasa wa kwanza. Siku hizi mtu akikosea, kwanza hutafuta wa kumtwika. Dada Mkubwa alitaja kosa lake, akanyamazia la mwenzake, na hakusema uongo hata neno moja. Alirudishwa nyumbani Januari 1990. Akaanza kwa kuzunguka nyumba zile zote kumi na saba kuomba radhi. Ya kwanza ilimfungia mlango. Katika ya pili, mama wa fundi mmoja alimsimamisha mlangoni. "Wewe ndiye uliyemuua mwanangu asubuhi? Jioni akanipigia simu kuuliza mbona nalia. Ingia ndani, mtu hagombezwi akiwa mlangoni." Akagombezwa vizuri, kisha akapewa chai.

Walimweka dawati la siasa kama adhabu. Adhabu hiyo ilidumu miaka ishirini na saba, hadi alipostaafu mwaka 2017, na wanasiasa ndio walioitumikia. Hakuchapisha maneno ya mtu kabla ya kumsomea. Waziri mmoja alilalamika kwenye ngazi za bunge, "Dada, ukinisomea maneno yangu naona aibu."

"Basi yabadilishe kabla hujayasema, mheshimiwa. Siyo baada."

Turudi mwaka 1990: katika kuzunguka nyumba zile, kuanzia ya tisa alikuwa na mwenzake. Mpokea habari alimngoja nje ya lango la gazeti, akamwambia, "Wewe ulisema wamefikia. Nilikusikia. Sijui mkono uliandika nini."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokupigia simu kesho yake. Nimelea wadogo wanne, najua mtu mwenye hatia anavyonyamaza."

"Sasa mbona hukunitaja?"

"Wewe ungefukuzwa. Mimi nimehamishwa tu. Twende, tumebakiza tisa."

Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1991. Dada Mkubwa alimwekea mumewe sharti moja: jambo lile asilizungumze tena na mtu. Walijaliwa binti na mwana.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Wiki za mwisho, katika wodi yenye madirisha mapana, mume wake alimshika mkono na kusema, "Mama, niruhusu niseme."

"Miaka yote hii bado unalo tu?"

"Kila wakikusifu kwa lile kosa, mimi nasutwa. Siwezi kukuzika na sifa ambayo nusu yake ni deni langu."

Mgonjwa alifumba macho. "Haya, liandikwe. Lakini lisizidi urefu wa habari za wajukuu." Mume akainama kitandani akalia, naye akampapasa kichwa mpaka muuguzi alipokuja. Alifariki tarehe 6 Juni 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita.

Basi habari za wajukuu. Wako watatu: wa kwanza anasoma kila kibao cha barabarani kwa sauti, wa pili hasemi ila akiulizwa, na wa tatu amejifunza kutembea wiki hii ya msiba, na ametembea kutoka kwa mtu hadi mtu akiwafanya watabasamu bila kutaka.

Ameacha pia binti na mwana, wadogo zake wanne, na mume wake, aliyemsikia vibaya mara moja na kumsikiliza vizuri miaka thelathini na moja. Ndiye aliyeomba haya yasomwe mbele yenu.

Dada Mkubwa, lala kwa amani.