Nilipoitwa Shujaa wa Kamatanda

Ba mama na ba papa, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango, mnivumilie nikishika kiti hiki. Sijazoea kusimama mbele ya watu nikiwa sijanywa kitu. Mama anayeongoza kikundi chetu cha walioacha pombe ananibembeleza tangu mwaka jana niseme haya, na kila mara nilipata sababu ya kukataa. Sasa sababu zimeniishia.

Wengi wenu mnanijua kwa sura. Mliniona kwenye simu: mtu aliyejaa udongo, mvua inampiga, amebeba mtu mikononi, na sauti za watu nyuma yake zinasema, "Shujaa, shujaa." Yule ni mimi. Ndugu zangu, nawaambia, picha ile haikumdanganya mtu. Uongo niliutia mimi baadaye, kwa mdomo wangu.

Nilizaliwa hapa Likasi. Baba alifanya kazi kiwandani mpaka kazi ilipokufa. Mimi nilisoma kidogo, nikaoa, nikaenda kuchimba mawe ya madini Kamatanda kama vijana wengine wa mtaa wetu. Huko nilikuwa na mwenzangu ambaye tulikaa benchi moja tangu shule ya msingi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Miti ya kushikilia udongo ndani ya shimo aliikata yeye mwenyewe, na kama mti una ufa aliutupa, hata tukimcheka kwamba anatuchelewesha. Mkumbuke hilo, kwa sababu watu walilisahau upesi.

Siku ile ilikuwa asubuhi, majira ya mvua. Wachimbaji wengi wa zamu ya usiku walikuwa wameshaondoka. Chini ya shimo letu walibaki wawili, walitaka kumaliza mfuko mmoja. Mimi na mwenzangu tulikuwa juu, tunashika kamba. Tukasikia udongo unashuka upande mmoja, kisha tukasikia kilio kutoka chini.

Mwenzangu akavua koti lake. Akaniambia, "Weye baki ku kamba. Minye nashuka."

Nikamwambia, "Tungoje bantu bafike."

"Bantu gani? Hausikie namna banalia?"

Akashuka na taa yake. Akamfunga wa kwanza, akatikisa kamba, nikavuta. Yule mtu alitoka akiwa amezimia. Nikateremsha kamba tena. Akamfunga wa pili, nikavuta. Huyo alikuwa na fahamu kidogo, macho yamejaa udongo, haoni kitu. Nikateremsha kamba mara ya tatu. Nikaita jina la mwenzangu. Aliitika mara moja, sauti yake haikuwa na hofu. Halafu ardhi ilishuka yote, mdomo wa shimo ukazibika, na kamba ikabaki imekazwa mikononi mwangu.

Nimeulizwa kama nilijaribu kufukua. Hapana. Niliogopa. Nilimwinua yule wa pili nikakimbia naye kuelekea barabarani. Hapo ndipo watu walinikuta, wakatoa simu zao. Niliwaambia mwenzangu yuko chini, hilo nililisema. Wakamchukua yule wa kwanza niliyemwacha kando ya shimo, kisha wakafukua. Walimpata siku iliyofuata.

Sasa sikilizeni nilivyoanguka. Siku ya tatu nilienda hospitali kuwaona wale wawili. Yule aliyekuwa na fahamu alinishika vidole, akavipapasa kama kipofu. Akaniuliza, "Ile mikono yenye ilinifunga kamba, ilikuwa ya weye?"

Mama yake alikuwa amekaa pale, ananiangalia kama mtu anavyoangalia altare. Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja tu. Likatoka chumbani mle likaenda mji mzima. Nilishuka, nikawafunga, nikapanda, nikavuta, ndivyo nilivyojifunza kuhadithia. Watu walinisimamisha njiani wapige picha na mimi. Mtu mmoja aliyekuwa anatafuta kura alinivisha medali mbele ya umati. Walimu walinipeleka shuleni kuwaonyesha watoto shujaa wa siku hizi anafananaje.

Lakini watu wana akili, wakauliza: kama huyu ndiye aliyeokoa, yule aliyekufa alikuwa anafanya nini chini? Mtu mmoja akajibu, simjui ni nani, kwamba alikuwa anaiba miti ya shimo, ndiyo maana udongo ulianguka. Neno hilo likaenea kama moshi wa makaa. Ndugu zangu, mimi nilikuwa hai, na mdomo ninao. Nilinyamaza.

Kwenye kilio cha msiba wake watu hawakujaza hata kibaraza. Mke wake alikuwa anauza samaki wa ziwa Tshangalele sokoni, na wanawake wengine wakaanza kuipita meza yake. Siku moja alikuja kwangu, saa ya bukari, watoto wangu wanamega ugali. Hakukubali kukaa.

"Shemeji," akasema, "weye ulikuwa kule. Ni kweli bwana yangu njo aliangusha ile shimo?"

Nikamjibu, "Dada, minye sikuona."

Akatingisha kichwa. Akasema asante. Kabla ya kutoka, aliwawekea watoto wangu samaki wawili wakavu mezani, kisha akaenda zake.

Tangu siku ile nilianza kunywa lutuku, ile pombe kali ya mtaani, tangu asubuhi. Kabla ya hapo nilikunywa kama watu wanavyokunywa. Sasa nilikunywa ili watu wakiniita shujaa nisisikie vizuri. Shimoni sikurudi tena, mikono ilikuwa inatetemeka. Mke wangu alivumilia, akazungumza, akalia, na mwisho akawachukua watoto akaenda kwa wazazi wake Mulungwishi. Siku anaondoka aliniuliza, "Ni kitu gani inakukula?" Sikumwambia hata yeye. Nilibaki na nyumba tupu, na medali niliyoiuza kwa chupa mbili.

Msidhani ni uzuri wa moyo ulionigeuza. Yule mtu wa hospitali alipona, akaoa, akapata mtoto wa kiume. Akanifuata mpaka nilipokuwa nimelala kwenye kibaraza cha muuza pombe. Akaniinua, akanifuta uso. Akasema, "Tumemupa jina yako. Na weye njo utakuwa parrain, baba yake wa kiroho, utamushika siku ya ubatizo."

Nilifika kanisani siku hiyo nimeoga, nimekunywa kidogo ili nisitetemeke. Wakanipa mtoto. Alikuwa mzito, amelala. Padri akauliza, "Mtoto huyu mmempa jina gani?" Baba yake akataja jina langu. Na mimi nikaangalia ule uso mdogo, nikaona ataishi maisha yake yote akihadithiwa kwamba jina lake ni la mtu aliyeshuka. Nikasema, "Padri, hapana."

Watu wakafikiri ni pombe. Nikamgeukia baba yake. "Mikono haikuwa yangu. Njo yule mwenye alikufa alikufunga. Minye nilikuwa juu. Nilikudanganya."

Hakunipiga. Alinyoosha mikono akamchukua mtoto wake, akamfunika vizuri, akarudi kukaa na mke wake. Mpaka leo hajanisalimia. Mtoto alibatizwa baadaye kwa jina la babu yake, na mimi sikualikwa. Ni haki yao.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mjane. Nilimkuta anapanga samaki kwenye karai. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia kamba ya kwanza mpaka ya tatu. Niliposema kwamba bwana yake aliitika bila hofu, alikaa chini. Nikapiga magoti nikaomba msamaha.

Akasema, "Simama. Sitaki magoti yako. Utaenda ku kila nyumba kwenye balisema bwana yangu ni mwizi. Utabaambia kama vile umeniambia."

"Nitaenda kesho."

"Kesho hapana. Angalia vile unanuka. Ukienda mulevi, batasema ni pombe njo inasema. Acha kwanza kunywa. Halafu uende."

Ndiyo hivyo nilifika kwenye kikundi hiki. Wengine hapa waliacha pombe kwa ajili ya watoto wao, au daktari aliwatisha. Mimi niliacha ili nipate kusadikiwa. Mara mbili nilirudia kunywa, na mara mbili nilianza upya kuhesabu, kwa sababu yule mjane angenitazama tu machoni akajua.

Tangu hapo ninapiga hodi. Kuna waliolia. Kuna walionitukana, na wana haki. Kuna waliosema mjane amenipa kitu ili nimsafishe bwana yake. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Tulipenda ile hadithi ya kwanza," akafunga mlango. Hiyo iliniuma kuliko matusi. Pale sokoni meza ya mjane sasa ina wanunuzi, ingawa si wote waliorudi. Msamaha hajanipa. Ananiuliza tu, "Umefika nyumba gani?" Namjibu.

Namshukuru yeye kwanza, hata kama hataki shukrani zangu. Namshukuru mama wa kikundi hiki, aliyekuwa analeta uji na kukaa nami asubuhi zile nilipokuwa natapika na kuona vitu visivyokuwepo. Namshukuru mke wangu. Hajarudi, ila wakati wa likizo ananitumia watoto, na hilo si jambo dogo. Namshukuru Mungu, ambaye sijui bado kama anapenda kuniona.

Nyinyi vijana, mnaulizwa kila siku shujaa ni nani, na mnatafuta jibu kwenye simu. Mimi niliwahi kuwa jibu hilo. Mwenzangu hakushuka ili aonwe, alishuka kwa sababu alisikia watu wanalia na hakuweza kungoja. Mimi ninayesema leo si shujaa hata kidogo. Nalipa tu kilichochelewa, na hakitakwisha.

Nina ombi moja, kisha nikae. Ile picha bado inazunguka, jana tu mtu alinionyesha bila kujua ni mimi. Mkikutana nayo, msiifute. Mwambieni aliyewaonyesha: huyu unayemwona alikuwa anakimbia. Aliyewaokoa wale watu alikuwa bado yuko chini.