Vidonge vya Spoku

Benchi liko ubavuni mwa karakana ya kuchomelea vyuma, mguu wake mmoja ni tofali, na anayekaa upande ule hukaa kwa imani. Leo kakaa Pipa, mwenye karakana, maana hakuna mwingine mwenye uzito wa kulituliza. Kahawa ya Mama Birika inachemka, lakini kinachomchemsha Pipa si kahawa. Jana walikwenda kupimwa, yeye na Spoku, fundi baiskeli mwembamba kama jina lake. Damu ya Pipa ikatoka safi. Ya Spoku imejaa sukari. Asubuhi hii Spoku amekuja na paketi ya dawa, akamwekea Pipa mapajani, akaketi kando yake.

— Chukua, kaka. Hizi ni zako. Wametuchanganya.

— Nani kakwambia?

Spoku akamtupia jicho Redio, kinyozi wa jirani. Pipa hakuhitaji jibu jingine.

— Hata kipofu anajua, Redio akasema. Tazama mwili huu, kisha tazama ule. Usione vyaelea, vimeundwa!

— Hiyo ni ya vyombo vya majini. Tumbo langu linaingiaje?

— Si linaelea?

Wakacheka. Pipa hakucheka. Maisha yake yote, hata akikohoa tu, anaambiwa apunguze kula.

— Tuliingia mmoja mmoja, Redio. Yeye katoka, ndipo nikaitwa mimi. Na kidole nilikwenda nacho changu mwenyewe!

— Mashine nayo hubahatisha.

— Mimi naona haijakosea, Mama Birika akadakia huku akimimina. Mwili wa Pipa ni ghala, sukari ikifika inapata pa kulala. Spoku ni kibanda. Imekosa chumba, sasa inazurura kwenye damu.

— Enhe! Basi Spoku anenepe! Redio akapiga paja. Haba na haba hujaza kibaba. Ashindilie mikate, kitambi kikitokea sukari itahamia humo.

— Mna wazimu nyie? Pipa akawaka. Muuguzi kasema wazi, mwembamba naye huumwa, mnene naye huweza kuwa mzima. Mtu asiangaliwe kiuno tu, iangaliwe na sahani yake.

— Muuguzi mwenyewe si mnene?

— Kwa hiyo?

— Mnateteana.

Masikio ya Pipa yakapata moto. Redio angesameheka, Redio hulipuka hivyo tangu azaliwe. Kilichomkata maini ni Spoku, aliyekuwa anaitikia kwa kichwa. Spoku huyu ambaye kiu haimwishi, kila mara mbio chooni. Juzi alianguka kwa kizunguzungu kando ya baiskeli ya mteja, akasema alikuwa anatafuta nati.

— Mdogo wangu, meza dawa yako.

— Kaka, suruali ya harusi yangu inanienea mpaka leo.

— Suruali haili chakula!

Hapo mke wa Spoku akatokea, kanga kaifunga vibaya kwa haraka.

— Hamjambo, mashemeji.

— Hatujambo, shemeji. Karibu.

— Sikai. Usingizi sikupata. Maharage na mboga ninazopika jioni hagusi, husema kaja ameshiba. Nyie ndio mnaoshinda naye. Huwa anakula nini?

Redio akamtazama Mama Birika. Mama Birika akaanza kufuta kikombe kilichokuwa kikavu. Pipa naye akatafuta kichwani, asipate kitu. Hapa benchini kila tonge lake yeye huhesabiwa kwa sauti, na la Spoku hakuna aliyewahi kulitazama. Ya nini, na mtu mwenyewe ni mwembamba?

Kisigino cha Spoku kikasogea polepole. Chupa tupu ya soda ikabingirika chini ya benchi, ikagonga nyenzake.

Pipa akamrudishia paketi kiganjani, akamkunjia vidole juu yake.

— Mkeo kauliza. Mjibu.